Watoto kumi, adungu tatu: jinsi ya kuanzisha darasa la muziki wa kikundi mtaani kwako

Wazazi wanaonijia kuhusu masomo ya muziki karibu wote huanza na swali moja: mtoto wangu aanze na ala gani? Mimi huwaambia watafute kwanza wenzake wa kupiga nao. Mtoto anayefundishwa peke yake chumbani, nota moja baada ya nyingine, mara nyingi hukata tamaa kabla hajafika pale muziki unapoanza kunoga. Mtoto huyo huyo ukimpa nota mbili tu ndani ya kikundi cha watu wanane, ladha hiyo anaipata siku ya kwanza, na wiki inayofuata atakuwa mlangoni kabla yako.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa shule, kiongozi wa kwaya, au mzazi yeyote anayejua muziki kiasi na anataka kukusanya watoto wa miaka 7 hadi 16 wapige pamoja. Hauhitaji piano wala ukumbi. Mifano mingi ni ya adungu, kwa sababu niko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kinubi hiki ni cha majirani zetu Waalur wa Nebbi na Pakwach, lakini ukiwa Jinja, Mbale au Kasese hatua ni zile zile, utabadilisha ala tu.

Na usidhani kwamba kuanza na kikundi ni njia ya mkato. Ndivyo muziki wa nchi hii ulivyotengenezwa. Huko Busoga kuna bigwala, pembe za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo hautoki mpaka wapigaji wapokezane, kila mmoja akipuliza zamu yake. Hakuna mtu anayeweza kufanya mazoezi ya wimbo wa bigwala akiwa peke yake. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu waliobaki wakiijua walikuwa wazee wachache. Kila darasa la watoto linalojifunza kupokezana namna hiyo linasaidia, hata kama halishiki kibuyu hata kimoja.

Hatua ya 1: Pata watoto na mahali kabla ya kupata ala

Anza na watoto wanane hadi kumi na wawili. Wakiwa chini ya sita, siku mmoja akiugua malaria sauti nzima inakosekana na darasa linalegea. Wakizidi kumi na tano utahitaji mwalimu wa pili, maana nusu yao watakuwa wamekaa wakichokozana huku ukirekebisha mikono ya wengine. Usiwatenge sana kwa umri. Dada wa miaka 13 akikaa karibu na mdogo wake wa miaka 8 humfundisha mambo ambayo wewe ungeyarudia mara ishirini.

Mahali panaweza kuwa darasa la shule baada ya masomo, baraza la nyumba kubwa, au chini ya mwembe. Chunguza mambo mawili. La kwanza ni paa. Chumba kidogo chenye mabati bila dari hufanya ngoma iume masikio, na mvua ikianza hakuna atakayesikia chochote. Kama hamna chumba kingine, weka ngoma nje ya mlango, nyuzi zikae ndani. La pili ni majirani. Nenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kabla ya siku ya kwanza, umweleze siku na saa, na umwombe akutambulishe kwa nyumba zilizo karibu. Mzee aliyeombwa ruhusa atawatetea watoto siku mtu akilalamika kuhusu kelele.

Kisha waite wazazi, hata kwa nusu saa. Waambie nani atakuwa na watoto, watatoka saa ngapi, na watarudije nyumbani. Wawepo watu wazima wawili kila kipindi, mlango ubaki wazi, na hata somo la mtoto mmoja lifanyike mahali panapoonekana na wengine. Waambie pia wazi kwamba hakuna fimbo. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko katika sehemu za kufundishia, na hata bila sheria, mtoto anayeogopa kupigwa hukaza mabega, na mabega yakikaza mdundo unakimbia.

Hatua ya 2: Panga saa

Hapa ndipo madarasa mengi hufa, kwa hiyo usipange kwa haraka. Ijumaa mchana watoto Waislamu wako msikitini, na wengi wana madrasa jioni za katikati ya wiki. Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista. Jumapili asubuhi ni kanisa. Kilichobaki kwa mtaa wenye mchanganyiko ni Jumapili alasiri, au siku moja ya wiki saa kumi jioni. Waulize wazazi wako ndipo uchague, na ukishachagua usibadilishe. Mwezi wa Ramadhani fupisha kipindi na umalize mapema ili watoto wafike nyumbani kwa futari.

Angalia pia kalenda ya shule. Mihula ni mitatu, na muhula wa tatu ndio mgumu: watoto wa darasa la saba wana mtihani wa PLE mwanzoni mwa Novemba, na wa sekondari nao wana mitihani yao. Usipange onyesho Oktoba. Likizo ndefu ya Desemba na Januari ndiyo dhahabu yako, maana mtoto anaweza kuja mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 3: Nunua ala chache, lakini nzuri

Kwa kuanzia tafuta adungu tatu za ukubwa tofauti (ndogo, ya kati na ya besi), ngoma mbili, na manyanga jozi mbili au tatu. Watoto watapokezana. Ala kumi mbovu hukaa kabatini, lakini tatu zinazoshika sauti hufundisha watoto kumi.

Adungu usiinunue bila kuishika. Ni gogo lililochongwa likawa na tumbo tupu, likafunikwa ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa na kuvutwa kwa nguvu, na shingo ya mti iliyopinda ambayo nyuzi zimefungwa kwenye vigingi vyake. Iangalie hivi.

Bonyeza ngozi katikati kwa dole gumba. Ikibonyea kama nguo, iache. Inatakiwa irudi mara moja, na ukiigonga kwa kucha itoe mlio kama wa ngoma ndogo.

Angalia pale shingo inapoingia kwenye tumbo. Shika shingo kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, utikise polepole. Ikicheza hata kidogo, haitakaa kwenye sauti. Fundi anaweza kuirekebisha, lakini airekebishe kabla hujalipa.

Zungusha kila kigingi. Kiwe kigumu kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kukizungusha kwa taabu kidogo. Kigingi laini huteleza usiku, na asubuhi utakuta uzi umelala. Kikiwa laini kidogo tu, kichomoe, ukipake chaki ya ubaoni, ukirudishe ukikisukuma ndani. Chaki inakishika.

Nyuzi siku hizi ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Hakikisha unene unatofautiana: mnene kwa sauti za chini, mwembamba kwa za juu. Fundi mvivu hufunga unene mmoja kote, na hapo nyuzi za chini zinalegea mno hata hazitoi sauti safi. Nunua pale pale mshipi wa ziada wa kila unene, maana nyuzi hukatika, na zinapenda kukatika siku ya onyesho.

Ngoma, kama uko Buganda au unapita huko, zinatengenezwa na kuuzwa barabarani Mpambire, karibu na Mpigi kwenye barabara ya Masaka. Huko utapata embuutu, ile pana inayopigwa kwa fimbo au viganja, na engalabi, ile ndefu. Manyanga tengenezeni wenyewe: kibuyu kikavu, au kopo lenye mbegu, na mpini uliofungwa vizuri usije ukaruka usoni mwa mtu.

Mzazi akitaka kununua tarumbeta kwa mtoto mdogo, mshauri asubiri mpaka meno ya mbele ya utu uzima yatoke na kushika vizuri, maana midomo ya mpigaji huyaegemea.

Hatua ya 4: Tyuni wewe, huku watoto wakisikiliza

Adungu za shule na makanisa karibu zote hutyuniwa kwa do re mi. Chagua do inayowafaa watoto kuimba, usiikaze juu sana kwa sababu ngozi na nyuzi zitaumia. Anza na ya besi. Ikishakaa sawa, itumie kupata ya kati, kisha ndogo. Programu ya bure ya kutyuni kwenye simu inasaidia, lakini watoto wasizoee kutazama simu. Waambie wafumbe macho na wainue mkono sauti mbili zinapokutana. Wiki chache tu na watakusahihisha wewe.

Nailoni mpya hunyooka. Utatyuni leo, kesho imeshuka, keshokutwa imeshuka tena. Hilo ni la kawaida kwa wiki ya kwanza na si kosa la fundi. Msimu wa mvua nao hulegeza ngozi, na kiangazi cha Desemba hadi Februari huikaza mpaka sauti zinapanda zenyewe. Fika robo saa kabla ya watoto. Ngoma zianike juani dakika chache zikaze, ukizigeuza, na usiziache hapo ukasahau, kwa sababu ngozi iliyokauka kupita kiasi hupasuka.

Funga uzi mwekundu wa kushonea kwenye kila do na mweusi kwenye kila fa. Hata vinubi vikubwa vya okestra za Ulaya vina nyuzi za rangi kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni mambo ya kitoto.

Hatua ya 5: Somo la kwanza

Lengo la saa hiyo moja ni kwamba watoto waondoke wakiwa wamepiga kitu kinachosikika kama muziki. Nadharia itakuja.

Waketishe nusu duara, wote waonane. Usianze na hotuba. Piga makofi mapigo manane sawasawa, polepole, ukihesabu moja hadi nane na kuanza tena moja. Wote wafuate. Wakishatulia, gawa mapigo. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye moja na tano tu. La pili kwenye mbili, nne, sita na nane. La tatu kwenye tatu na saba. Mara ya kwanza watacheka na kugongana. Punguza mwendo mpaka kila pigo lisikike peke yake, kama maji yanayodondoka kwenye ndoo. Mapengo yatajaa, na utaona nyuso zikibadilika.

Sasa mpe mtoto mmoja wa kila kundi adungu. Akae, tumbo la ala likiegemea kwake mapajani, shingo ielekee mbele, mikono ipite pande mbili za nyuzi. Ya besi ikae chini. Makofi yale yale yawe nota:

Besi: do – – – so – – –
Kati: – mi – so – mi – so
Ndogo: – – do – – – mi –

Soma kwenda kulia, kila alama ni pigo moja. Utaona hakuna watoto wawili wanaopiga kwa wakati mmoja, na hakuna pigo lililo tupu. Mpiga besi ana nota mbili tu katika mapigo manane, na bila yeye wote wanaanguka. Mwambie hivyo mbele ya wenzake.

Waliobaki wanashika manyanga kwenye mapigo yote manane, ngoma kwenye moja na tano, na wengine wanaimba sauti wanazozisikia. Kila dakika tano badilisheni nafasi. Watakapozunguka mara moja, kila mtoto atakuwa amepiga adungu, amepiga ngoma na ameimba. Robo saa ya mwisho waulize ni wimbo gani wanaoujua wote, wa shule, wa kanisani, wa kuchezea uani, na uuimbe juu ya mapigo hayo. Nyimbo nyingi fupi za watoto zitakaa vizuri, na usiukokote kwa nguvu ule utakaokataa, chagua mwingine.

Neno kuhusu manyanga. Kuna walimu wanaompa manyanga mtoto wanayemwona dhaifu, ili asiharibu. Wanakosea mara mbili. Kutikisa mapigo manane sawasawa kwa dakika tano bila kukimbia wala kuchoka ni kazi ngumu kuliko sauti yoyote kati ya hizo tatu, na watoto wanaelewa upesi sana kwamba manyanga kwenu ni adhabu. Mpe manyanga mtoto mwenye mdundo imara kabisa na umsifu kwa jina. Kuanzia siku hiyo watagombania.

Hatua ya 6: Ongeza nyimbo kwa kuhamisha nota

Wiki ya tatu au ya nne, mapigo yale yale yahame. Mzunguko wa kwanza kaeni nyumbani kwa do. Wa pili besi apige fa na do, wa kati fa na la, ndogo do na la. Wa tatu besi apige so na re, wa kati re na ti, ndogo re na ti. Wa nne rudini nyumbani. Huo ndio uti wa mgongo wa nyimbo nyingi za kanisani na za redioni mlizozizoea, na watoto wataanza kukuambia wenyewe wimbo fulani unakaa hapo.

Usionyeshe kwa kidole wakati wa kuhama. Mpiga besi ndiye aongoze. Wengine wamsikilize yeye, wasikutazame wewe. Ukitaka kujua kama wamejifunza, toka nje ukanywe maji. Wakiendelea bila wewe, endelea na hatua inayofuata. Wakisimama, rudieni wiki moja zaidi.

Hatua ya 7: Kupokezana kwa kweli, kwa wakubwa

Watoto wa miaka 11 kwenda juu wakishashika hayo, wapelekeni kwenye amadinda. Ni marimba ya Buganda yenye vipande 12 vya mti, kwa kawaida lusambya, vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza anaanzisha wimbo, naye huitwa omunazi. Wa pili, omwawuzi, anakaa ng'ambo wakitazamana na anatia nota zake katikati kabisa ya za mwenzake. Wote wawili hupiga mikono miwili, mmoja chini na mmoja juu, nota ile ile. Wa tatu, omukoonezi, ana vipande viwili vya juu kabisa.

Ugumu hauko kwenye vidole. Kila mmoja wa wale wawili anahisi pigo lake ndilo la msingi na la mwenzake ndilo la katikati. Omwawuzi akikubali kusikia kwa masikio ya omunazi, ameanguka. Na mkiendesha kwa kasi, kunatokea jambo ambalo watoto hawachoki kulishangaa: sikio linaokota mahadhi ambayo hakuna hata mmoja wao anayeyapiga. Yanazaliwa kati yao. Kazi ya omukoonezi ni kuyasikia na kuyagonga juu. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alikuja Kampala akajifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji aliyekuwa wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, na ni kwa kukaa kwenye zamu hizo ndipo alipoandika kuhusu mahadhi yanayojificha namna hiyo.

Kama hamna amadinda, tumieni chupa za soda. Tia maji viwango tofauti, kila mtoto apulize juu ya mdomo wa chupa yake moja, na mtunge wimbo kama wa bigwala. Kumbusha: ukipuliza, maji mengi huleta sauti ya juu, na ukiigonga chupa kwa kijiko, maji mengi huleta sauti ya chini. Waache wagundue wenyewe, somo la sayansi litakuwa limeingia bila ada. Chupa za glasi zikae kwa wakubwa.

Walio Kampala wana bahati zaidi. Makumbusho ya Taifa pale Kamwokya yana chumba cha ala za mikoa yote, na Kituo cha Ndere kina maonyesho ambapo watoto wataona vikundi vizima vikipiga. Safari moja kama hiyo huwapa hamu ya muhula mzima.

Hatua ya 8: Somo la mtoto mmoja mmoja

Linahitajika, ila liwe fupi na lihudumie kikundi. Dakika kumi na tano katikati ya wiki, watoto wawili wawili, zinatosha. Hapo ndipo unaangalia kiganja kilichokaza, kidole gumba kinachojificha, mtoto anayekata uzi kwa kucha badala ya kuuvuta kwa nyama ya kidole. Mpe jambo moja tu la kurekebisha, na umwonyeshe litasikika wapi kwenye wimbo Jumapili.

Tofauti za uwezo zitajitokeza, na usiogope. Andika sauti tatu kwa kila wimbo: moja ya nota mbili, moja ya nota nne au tano, na moja ya wazi ambayo mtoto aliyetangulia anaweza kuibunia mapambo. Sauti ya nota mbili iwe sauti ya kweli, ambayo ikitoka wimbo unabomoka. Mtoto akijua anapewa kitu cha kumfurahisha tu, hatarudi.

Kwa maandishi, anza na herufi za solfa kwenye ubao: d r m f s l t. Zilienea Uingereza katika karne ya 19 kwa juhudi za John Curwen, wamisionari wakazileta huku, na kwaya zetu bado zinazisoma. Bibi wa mtoto huenda anazijua kuliko wewe. Mistari mitano ya nota wafundishe wale wanaotaka piano, fidla au tarumbeta, na wale watakaofanya mitihani ya kimataifa ya daraja 1 hadi 8.

Hatua ya 9: Mazoezi bila ala nyumbani

Watoto wengi hawana ala nyumbani, na hilo lisiwe sababu ya kukaa bure. Dakika kumi kwa siku: aimbe sauti yake kwa solfa huku mikono ikipiga magoti, kulia na kushoto kama itakavyokuwa kwenye nyuzi. Kisha aimbe sauti ya mwenzake huku akipiga yake. Akiweza hilo, ameshinda. Mwambie mama au shangazi asikilize mara moja tu kwa wiki, bila kumsahihisha.

Adungu ndogo iazimwe kwa zamu. Weka daftari: jina, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, saini ya mzazi. Isibebwe kwenye bodaboda bila kufungwa kwenye kitenge, na isilazwe karibu na jiko.

Hatua ya 10: Ada na onyesho

Ada iwe ndogo na ijulikane mapema, ilipwe kwa simu au mkononi, iandikwe. Hesabu ya nyuzi, ngozi na nauli yako ioneshwe wazazi kila muhula. Mwenye watoto watatu apunguziwe. Asiyekuwa na fedha anaweza kuleta mahindi ya kuchoma siku ya mazoezi au kutengeneza viti. Usimtoe mtoto katikati ya wimbo kwa deni la mzazi wake. Ongea na mzazi, mtoto akiwa mbali.

Onyesho la kwanza lifanyike mwisho wa muhula, pale pale mnapofanyia mazoezi. Nyimbo tatu zinatosha. Moja waipige wote, moja waongoze wadogo, na moja wazazi waimbe kiitikio huku watoto wakiwapigia. Tyuni asubuhi, tyuni tena dakika kumi kabla ya kuanza, na uweke mshipi wa ziada na mkasi mfukoni. Uzi ukikatika, mpiga besi na manyanga waendelee huku ukiufunga mpya. Wafanyie mazoezi hali hiyo mara moja kabla ya siku yenyewe ili asishtuke mtu.

Kabla ya likizo legeza nyuzi zote za besi mzunguko mmoja, zifute ngozi kwa kitambaa kikavu, na ala zitundikwe ukutani mbali na panya, ambao hupenda ngozi na mafuta ya mikono. Mgawie kila mtoto mkubwa ala moja ya kuitembelea na kuikagua mara moja kwa wiki. Tarehe ya kuanza tena waambie siku hiyo hiyo ya onyesho, wazazi wakiwa bado wamekaa.